Ndege yako ya rimoti haipai, inapinduka au mota inagoma? Anza hapa kabla hujanunua kitu kingine

Wakuu habari zenu. Nimeamua kuandika hii maana karibu kila wiki kuna mtu ananitumia video, ndege yake mpya imejipigiza chini, na swali ni lile lile, "kaka ninunue mota kubwa zaidi?" Mara nyingi jibu ni hapana. Mota haina shida. Shida ni uzito umekaa vibaya, au propela imefungwa kinyume, au kuna sehemu imelegea, vitu ambavyo kuvirekebisha hakuhitaji hata mia. Mtu kajichanga miezi kadhaa apate vifaa, halafu anaenda kuchoma hela nyingine kwenye kitu ambacho hakikuwa na kosa, kwa kweli inaniuma.

Naongelea ndege ya kuanzia, ile ya foamu bodi ya steshenari ya milimita 5, bawa limekaa juu, urefu wa bawa kama mita 1 mpaka 1.2, mota ya brashilesi ya 2212, ESC ya ampea 30 (kile kidude kinachogawa umeme wa kwenda kwenye mota), sevo za gramu 9 tatu au nne (vimota vidogo vinavyosogeza vibao vya mkiani na kwenye bawa), betri ya lipo ya seli tatu yaani 3S ya 2200 mAh, na rimoti ya 2.4 GHz ya chaneli 6 kama FlySky FS-i6. Kama yako imetofautiana kidogo sio tatizo, njia ya kutafuta ni ile ile.

Sheria mbili kabla hujagusa chochote. Ya kwanza, TOA PROPELA kila unapopima umeme, mota au rimoti ndani ya nyumba. Propela ya inchi 10 ikizunguka kwa nguvu inakata kidole, na watoto wanapenda kusogea kuangalia. Ya pili, badilisha kitu kimoja tu halafu jaribu. Ukibadilisha vitatu kwa pamoja na ndege ikaruka hutajua nini kilisaidia, na ikianguka hutajua nini kimeharibu.

Vipande havikutani, au ndege imetoka nzito kuliko ilivyoandikwa kwenye ramani

Naanza na hii kwa sababu watu wanaipita, na ndiyo mzizi wa mambo mengi ya huko chini.

Sababu ya kwanza ni printa. Ramani nyingi za bure ziko kwenye PDF, ukienda steshenari kijana anaprinti ile ya "ijae karatasi" na kila kitu kinapungua asilimia kadhaa. Bawa linatoka dogo, nafasi ya sevo inabana, unaanza kukata kata. Mwambie aprinti asilimia 100, halafu weka rula kwenye ule mstari wa kipimo uliopo kwenye ramani kabla hujamlipa. Ukiukosa mstari, pima kitu chochote ambacho ramani imeandika urefu wake.

Sababu ya pili ni foamu bodi yenyewe. Ramani nyingi maarufu, kwa mfano za Flite Test ya Marekani, zimechorwa kwa bodi nyepesi inayouzwa kwenye maduka ya bei rahisi ya kule. Bodi nyingi za steshenari zetu zina karatasi nene na ngumu zaidi, kwahiyo ndege ile ile ukiijenga hapa inazidi uzito, na ubaya ni kwamba uzito mwingi unaongezeka mkiani. Fanya hivi: nenda na bodi kwenye mizani ya dukani, linganisha aina mbili tatu, chukua nyepesi. Halafu kwenye mkia na sehemu ya nyuma ya boksi la ndege (mwili wake) bandua karatasi ya upande wa ndani. Ukilowanisha kidogo na maji ukasubiri dakika chache inatoka bila kung'oa foamu.

Sababu ya tatu ni gundi. Mtu anamwaga gundi ya bunduki kama anajenga meza, vijiti kumi vinaisha kwenye ndege moja. Mstari mwembamba unatosha, ukifuta iliyozidi na kipande cha karatasi ngumu kabla haijapoa.

Ndege ya ukubwa huu ikiwa na betri ndani ningependa isizidi gramu 800 au 900 hivi. Ikifika kilo 1.2 usiirushe ukitegemea utajifunza nayo, itakuwa inaenda kasi kuliko vidole vyako.

Umechomeka betri, mota inalia pi, pi, pi lakini haizunguki

Hapa usiogope, hii ni habari nzuri. Huo mlio ni ESC inaongea, kwahiyo umeme unafika.

Angalia kwanza stiki ya mafuta, ile ya kuongeza kasi ya mota, iko chini kabisa au la. ESC haikubali kuwaka kama stiki iko juu hata kidogo, ni usalama wako. Shusha stiki, na ile trimu ya pembeni yake (kitufe cha marekebisho madogo) ishushe pia.

Kama bado, angalia waya wa ESC umechomekwa chaneli gani kwenye risiva, kile kidude ndani ya ndege kinachopokea rimoti. Kwenye FlySky mafuta ni chaneli ya 3. Watu wanachomeka ya 1 au wanageuza plagi, waya mweusi au wa kahawia unatakiwa ukae upande wa minus. Angalia taa ya risiva pia, ikiwa inawaka waka bila kutulia maana yake haijaunganishwa na rimoti, fanya baindi upya.

Kama vyote viko sawa ndipo ufundishe ESC mwendo wa stiki. Propela iwe imetoka! Washa rimoti, panda stiki juu kabisa, chomeka betri, subiri milio miwili ya haraka, shusha stiki mpaka chini, itapiga mlio mrefu wa kukubali. ESC nyingi za bei rahisi zinafuata utaratibu huu, ila soma kikaratasi chako. Rimoti za kampuni nyingine zinahitaji ugeuze upande wa chaneli ya mafuta kwanza, la sivyo stiki ya chini inasomeka kama ya juu.

Na kama hakuna mlio kabisa? Betri, plagi, au sehemu iliyolehemiwa. Pima betri na mita: 3S iliyojaa inasoma volti 12.6, kila seli 4.2. Ikisoma chini ya 9 usiichaji, nenda moja kwa moja kwenye sehemu ya betri huko chini.

Mota inatetemeka, inapiga kelele ya kukwaruza, haizunguki vizuri

Hii karibu kila mara ni mojawapo ya zile nyaya tatu kati ya ESC na mota. Mota ya brashilesi ikikosa waya mmoja inatikisika tu papo hapo. Usiiache inatikisika hivyo ukasema itajizoea, inakula umeme mwingi na ESC inaungua ndani ya sekunde chache.

Vuta kila plagi taratibu, angalia ile iliyolegea au iliyolehemiwa kwa baridi, yaani risasi imekaa juu kama tone na haijashika waya. Halafu kuna kipimo kizuri ambacho hakihitaji mita: chomoa mota kwenye ESC kabisa, gusanisha nyaya mbili za mota, zungusha kwa mkono. Utasikia inakuwa nzito nzito. Rudia kwa jozi zote tatu. Zote zikiwa nzito sawasawa, koili za mota ni nzima na lawama inahamia kwenye ESC au plagi. Jozi mbili zikiwa nyepesi, kuna waya umekatika ndani ya mota.

Kama hujawahi kushika pasi ya kulehemu mpelekee fundi simu wa mtaani, hii ni kazi ndogo kwake. Mpelekee mota na ESC tu, betri iache nyumbani.

Mota inazunguka kwa kelele kubwa ila ndege haivuti

Propela imefungwa kinyume. Naandika bila hata kuona picha. Maandishi ya namba kwenye propela yanatakiwa yaangalie mbele, kule ndege inakoelekea. Ikifungwa kinyume bado inasukuma upepo kidogo ndiyo maana inadanganya watu, unahisi hewa, ukiirusha inaanguka mbele ya miguu yako.

Ya pili, mota inazunguka upande mbaya. Badilishana nyaya mbili zozote kati ya zile tatu, basi.

Ya tatu ndiyo inayounguza vitu. Mota za 2212 zinafanana kwa sura ila KV ni tofauti. KV ni mizunguko kwa kila volti, kwahiyo ya 1000KV kwenye 3S ya volti 11.1 inalenga mizunguko kama 11,100 kwa dakika ikiwa haina mzigo, na ya 2200KV inalenga mara mbili ya hapo. Ya 1000KV inapenda propela kubwa, kama 10x4.5 (namba ya kwanza ni urefu wake kwa inchi). Ya 2200KV inataka ndogo, kama 6x4. Sasa mtu anachukua mota ya 2200KV kwa sababu namba ni kubwa, anaweka propela ya inchi 10 ya rafiki yake, anapandisha stiki, ESC inatoa moshi. Kwa ndege ya kujifunza chukua ya 1000KV. Namba kubwa maana yake sio nguvu kubwa.

Kipimo rahisi: shika ndege kwa nguvu pua ikiangalia juu, mkono na uso mbali na propela, panda stiki taratibu. Ikikaribia kuondoa uzito wake wote mkononi, nguvu inatosha kabisa kwa kujifunzia.

Mota inazima angani, halafu inarudi, au hairudi

Anza na betri imeisha. ESC ikiona volti zimeshuka inakata mota ili ibakize umeme wa sevo, ndio kazi yake. Shusha stiki, tua kwa kuelea. Weka saa kwenye rimoti, dakika 6 za mwanzo, tua, pima betri, ukikuta kila seli bado iko juu ya 3.8 basi ongeza dakika moja moja.

Sababu ya pili, na hii naiona sana kwetu, ni betri za kuunga. Watu wanatoa seli za 18650 kwenye betri za laptop zilizokufa wanaunga tatu. Naelewa kwanini, lipo ni ghali na kuisafirisha kwa ndege kuna masharti mengi. Lakini seli ya laptop imetengenezwa kutoa umeme kidogo kidogo kwa muda mrefu, ndege yetu stiki ikiwa juu inaweza kutaka ampea 15 na zaidi. Volti zinadondoka ghafla, ESC inakata, ukishusha stiki zinapanda tena, unaona kama uchawi. Sio uchawi, ni seli imechoka. Lipo ya 2200 mAh ya 25C, yaani mara 25 ya ampea 2.2, kwa hesabu ya karatasi inatoa mpaka ampea 55, sasa linganisha. Hela ikiwa ndogo, punguza kwingine kote, ila betri nunua ya kweli.

Ya tatu ni joto. Gusa ESC baada ya kutua. Kama huwezi kuishika kwa sekunde tano, aidha propela ni kubwa mno au umeifungia ndani ya boksi bila hewa. Toboa tundu mbele la kuingiza upepo na lingine kubwa zaidi nyuma la kutolea.

Sevo zinatetemeka, zinalia, au zinaenda kinyume

Kinyume ndiyo inaua ndege. Ndege yangu ya pili ilikufa hivyo. Nilibadilisha sevo ya eileroni (kibao cha nyuma ya bawa kinacholaza ndege upande) jioni, asubuhi nikaenda uwanjani nikarusha moja kwa moja, kila nilipoisahihisha ikazidi kulala, sekunde nne hivi imeisha. Tangu siku hiyo nasimama nyuma ya ndege kila asubuhi, hata kama jana iliruka: stiki kulia, eileroni ya KULIA inapanda. Vuta stiki kwako, eleveta (kibao cha mkiani cha kupandisha na kushusha pua) inapanda. Usukani kulia, unaenda kulia. Ikiwa kinyume geuza kwenye menyu ya rimoti, usianze kuhamisha waya za chuma zinazotoka kwenye sevo.

Kutoa mlio na kutetemeka bila kuguswa mara nyingi ni kitu kinabana. Chomoa ule waya wa chuma kwenye mkono wa sevo, ikinyamaza basi sevo ni nzima, bawaba ndiyo ngumu au waya unasuguana na foamu. Mimi natumia spoku za baiskeli, ni ngumu na zinapatikana kila mtaa, ila zikiwa ndefu zinajipinda katikati kwahiyo zipitishe kwenye mrija wa juisi uliogundishwa kwenye boksi. Isiponyamaza, jaribu sevo nyingine kwenye chaneli hiyo hiyo. Zikitetemeka zote kwa pamoja ndipo ushuku umeme wa volti 5 unaotoka ESC.

Na mwendo usiwe mkubwa. Mtu anayeanza hahitaji eleveta inayopanda nyuzi 45, weka waya tundu la ndani kwenye mkono wa sevo na tundu la nje kwenye kile kipembe cha eleveta kinachoshika waya, sentimita moja juu na moja chini inatosha kabisa.

Inainua pua, inasimama angani, inadondoka

Hapa ndipo ningependa ukae muda mrefu zaidi kuliko sehemu nyingine zote. Kama ungesoma kipande kimoja tu, kiwe hiki.

Uzito uko nyuma mno. Ndege ikiwa na mkia mzito haitulii, ukigusa eleveta kidogo pua inaruka juu, kasi inaisha, bawa linaacha kubeba, inaanguka upande mmoja. Mtu anasema haina nguvu! Anaweka mota kubwa, inainua pua zaidi.

Pima hivi. Chukua upana wa bawa kutoka ukingo wa mbele mpaka wa nyuma, tuseme sentimita 20. Chora alama chini ya bawa robo mpaka asilimia 30 kutoka mbele, hapo ni kati ya sentimita 5 na 6, pande zote mbili. Weka KILA KITU ndani, betri, propela, risiva, mpira wa kufungia bawa. Inua ndege kwa ncha za vidole viwili kwenye alama hizo. Inatakiwa ikae sawa au pua iiname kidogo. Mkia ukishuka, usirushe. Sio "nitajaribu kidogo tu", usirushe.

Kurekebisha: kwanza sogeza betri mbele mpaka iguse ukuta wa mota, ndiyo uzito wa bure ulio nao, lipo hii ina gramu karibu 180. Haitoshi? Sogeza na ESC. Bado? Hapo punguza mkia kabla hujaongeza pua. Hesabu yake ni nyepesi: mkia ukiwa sentimita 60 nyuma ya alama na pua sentimita 20 mbele, kila gramu 10 utakayotoa mkiani ni sawa na kuongeza gramu 30 puani. Kwahiyo bandua ile karatasi, toa gundi iliyozidi, kata foamu ambayo haibebi kitu. Mwisho kabisa ndiyo uende gereji uombe zile risasi za kubalansia matairi za kubandika, zina vipande vya gramu 5 na 10, vinakaa vizuri ndani ya pua.

Halafu irushe bila mota. Tafuta majani marefu, asubuhi upepo haujaamka, tupa mbele kwa usawa wa bega, sio kuelekea juu. Ikienda mita nane kumi ikashuka taratibu, iko tayari. Ikipanda kisha ikadondoka, mkia bado mzito. Ikizama pua moja kwa moja, pua ni nzito sana au eleveta imeshuka.

Kama mizani iko sawa, kuelea iko sawa, lakini ukiongeza mafuta tu ndio inainua pua, basi ni pembe ya mota. Mota inatakiwa iangalie chini kidogo, nyuzi 2 au 3. Weka wosha nyuma ya skrubu za juu za kishikio cha mota, moja moja, ukijaribu.

Inalala kushoto mara tu unapoirusha

Propela ikizunguka kulia ukiiangalia kutoka nyuma, boksi la ndege linataka kuzunguka kushoto, na kasi ikiwa ndogo eileroni hazina hewa ya kutosha kulizuia. Kwahiyo sababu ya kwanza ni kurusha kwa uoga. Aliyeshika ndege akimbie hatua tatu nne kuelekea upepo aisukume mbele kwa nguvu, bawa likiwa sawa, mafuta robo tatu. Mwanzoni mpe mtu mwingine arushe wewe ushike stiki kwa mikono yote miwili.

Ikiendelea, angalia bawa kwa nyuma ukiwa umefumba jicho moja. Foamu bodi inajikunja, hasa ikilala ndani ya gari juani au ikilowa umande. Pande mbili zikiwa na mkunjo tofauti ndege itageuka tu. Inyooshe kwa kuipinda taratibu kinyume huku ukiipulizia hewa ya draya ya nywele kwa mbali. Halafu ning'iniza ndege kwa uzi puani na mkiani uone bawa gani linashuka, upande mwepesi weka msumari mdogo ndani ya ncha. Mwisho ndiyo pembe ya mota, safari hii wosha nyuma ya skrubu za upande wa kushoto ili mota iangalie kulia nyuzi 2 hivi.

Ilikuwa inaruka vizuri pwani, imepelekwa bara imegoma

Hili limempata mtu aliyehama Tanga kwenda Mbeya na ndege yake, akadhani imeharibika njiani kwenye basi. Haikuharibika. Mbeya mjini ni karibu mita 1,700 juu ya bahari, Nairobi pia iko huko huko, na hewa ya huko ni nyepesi kwa kama asilimia 15 kuliko ya usawa wa bahari. Propela inashika hewa kidogo, bawa linabeba kidogo, kwahiyo ndege inahitaji kasi zaidi, kama asilimia 8 au 9, ili ikae juu. Rusha kwa nguvu zaidi, punguza uzito, usipige kona kali ukiwa na kasi ndogo. Wa pwani nao wana la kwao, upepo wa kusi ukishika miezi ya katikati ya mwaka ndege ya gramu 800 inarudi nyuma huku mota inalia. Ruka saa kumi na mbili na nusu mpaka saa mbili asubuhi, baada ya hapo nenda kazini.

Inapoteza rimoti kwa sekunde moja moja

Antena za risiva. Usizikunje kwenye fundo, usizikate, usizilaze juu ya betri au ESC. Kama risiva ina mbili, moja iende wima na nyingine ilale, zitengeneze pembe ya nyuzi 90. Ya rimoti usiielekeze ncha yake kwenye ndege, ilaze pembeni, maana nguvu inatoka ubavuni sio nchani. Halafu betri za rimoti, zile za bei ya chini zinakufa haraka.

Kila uwanja mpya mwache mwenzako ashike ndege, wewe tembea hatua mia moja ukichezesha stiki, sevo zisirukeruke. Na weka failisefu: rimoti ikizimika, mota izime. Ijaribu propela ikiwa imetoka, zima rimoti uone. Kama mota inaendelea kuzunguka ndege haitoki nyumbani.

Bawa linakunjika, mota inang'oka, foamu inayeyuka

Bawa likikunjika hewani hukuweka uti wa mgongo. Rula ya mbao ya shule inatosha, au vijiti vya mishikaki vitatu vimefungwa pamoja, viingie kuvuka katikati ya bawa angalau sentimita 25 kila upande, na selotepu pana chini ya bawa kwa urefu wote. Bawa lifunge na mpira wa tyubu ya baiskeli, ndege ikigonga mpira unaachia na bawa linapona.

Mota ikichomoka na gundi yake ni joto, ile gundi ya bunduki inalainika kwenye jua la Dar ndani ya gari lililofungwa vioo. Mota ifungwe kwenye plaiwudi, na plaiwudi ipitiwe na vijiti viwili vilivyovuka boksi. Supa gluu ya kawaida na rangi ya kupuliza zinakula foamu, jaribu kwenye kipande cha kutupa kwanza.

Betri: hapa unasimama

Sitaki ujaribu kuwa fundi wa lipo. Ikivimba, ikiwa na tundu, ikinuka kama dawa tamu tamu, au seli moja ikishuka chini ya volti 3, imekufa. Usiitoboe itoe hewa, usiikandamize, usiichaji "mara ya mwisho". Ipeleke nje mbali na vitu vinavyoungua, iweke kwenye chungu cha udongo chenye mchanga. Ikiwaka moshi wake ni sumu, toa watu kwanza.

Nzima ichaji kwa chaja ya kubalansi ya lipo, ampea 2.2 kwa betri ya 2200, juu ya kigae au saruji, ukiwa upo macho na umekaa chumba hicho hicho. Usiiache imejaa wiki nzima, ya kuhifadhi inakaa volti 3.8 kwa seli. Kubadilisha plagi ya betri mtafute anayefanya hiyo kazi kila siku, na aukate waya mmoja, amalize, ndiyo aguse wa pili, mkasi ukigusa zote mbili kwa pamoja ni moto. Chaja ikileta shoti usiifungue, ina umeme wa ukutani ndani.

Sehemu nyingine za kuacha. Ndege ikinasa kwenye nyaya za umeme usiichokoe na mti wala fimbo, hata kama mti ni mkavu, piga TANESCO au Kenya Power uwaachie wao. Propela ikikata mpaka nyama ikaonekana, au kitu kikagonga jicho, hospitali siku hiyo hiyo. Na kabla hujaanza kuruka mahali uliza mamlaka ya usafiri wa anga, TCAA kwa Tanzania au KCAA kwa Kenya, ambako kuna kanuni za ndege zisizo na rubani za 2020, na popote ulipo kaa mbali na viwanja vya ndege na kambi. Uwanja wa shule siku ya Jumapili asubuhi, ukiwa umeongea na mwalimu mkuu, umetutosha sisi miaka yote.

Ukikwama, nitumie mambo manne: uzito wote na betri ikiwa ndani, umbali wa alama ya mizani kutoka ukingo wa mbele, KV ya mota na namba ya propela, na video ikionyesha ndege kutoka nyuma wakati unachezesha stiki.